Ndege za Kicheki zaruka chumbani Bondeni

Dada yangu aliponipigia simu kutoka Nakuru, neno la kwanza baada ya salamu lilikuwa hili: "Kaka, njoo uzungumze na mpwa wako. Usiku halali. Anarusha ndege."

Nilicheka. Kijana ninayemjua mimi hana hata baiskeli. Lakini dada hakucheka, na ndugu yako wa tumbo moja akikuita kwa sauti ile, hungoji akuite tena. Nikatia nguo mkobani, nikalikung'uta koti ambalo hapa Mombasa hukaa msumarini mwaka mzima likiliwa na nondo, nikashika njia. Garimoshi mpaka Nairobi, kisha matatu mpaka Nakuru.

Msomaji ambaye hajapata kuifuata njia ile nimweleze kidogo. Ukishaipita Limuru, ardhi hukatika ghafla kana kwamba mtu ameikata kwa upanga, na chini yako, mbali kabisa, waliona Bonde la Ufa limetandikwa kama mkeka. Mbele ni mlima Longonot wenye kinywa wazi, kimo chake mita 2,776. Kisha ziwa la Naivasha likimeremeta. Kisha Gilgil na Elmenteita. Na mwishowe Nakuru yenyewe, imekaa kati ya ziwa lake na shimo kuu la Menengai. Mji ule uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Mimi nilizaliwa mahali ambapo maji ya bamvua hukaribia kubisha hodi mlangoni, na kifua changu hulitambua jambo hilo kabla ya akili.

Wala bonde lile si geni kwa ndege. Kati ya 1937 na 1950 ziwa la Naivasha lilikuwa kituo cha ndege za majini, zile zenye tumbo la mashua, zilizochukua barua na abiria baina ya Southampton na Afrika Kusini. Na Njoro, mwendo mfupi kutoka Nakuru, ndiko alikokulia Beryl Markham, mwanamke aliyevuka bahari ya Atlantiki peke yake mwezi wa Septemba 1936, akitoka Uingereza, akaangukia matopeni huko Nova Scotia nchini Kanada, akatoka mzima. Hayo nilikuwa nikiyakumbuka ndani ya matatu ili nisiufikirie mwendo wa dereva.

Nilifika mtaa wa Bondeni baada ya alasiri. Dada alinipa chai ya tangawizi, akanieleza malalamiko yake yote kwa sauti ya chini, kisha akanyosha kidole kuelekea chumba cha nyuma. "Nenda ukamwone mwenyewe," akasema. Kazi niliyoitiwa, kwa ufupi, ilikuwa kugombeza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia umekuwa rubani."

"Rubani wa chumbani tu, mjomba. Karibu uketi."

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, mswala uliokunjwa vizuri juu ya kiti, na meza iliyobeba kompyuta aliyoiunda mwenyewe kwa vipande vya kompyuta zilizokufa. Sanduku lake halikuwa na kifuniko. Nyaya zilining'inia kama matumbo ya samaki aliyepasuliwa. Kwenye kioo palikuwa na ndege nyeupe, mabawa yake yamewekwa juu ya mgongo, injini mbili, magurudumu yamefichwa katika vitumbo viwili vya ubavuni. Akaigeuza ndege ile huku na huku kwa kidole kimoja, kama mtu anunuaye papai.

Kwa wale ambao mambo haya ni mageni kwao kama yalivyokuwa kwangu: ziko programu za kompyuta zinazoigiza urukaji wa ndege. Ile ya Microsoft ilitoka mara ya kwanza mwaka 1982; ziko na nyingine, kama X-Plane, na FlightGear ambayo ni ya bure. Wanafunzi wa urubani huzitumia kujizoeza, na watu wengine maelfu kwa maelfu huzitumia kwa starehe. Ndani ya programu mna dunia nzima, milima na viwanja na hali ya hewa, pamoja na ndege chache za kuanzia. Asiyetosheka na hizo chache hutafuta nyongeza, yaani ndege nyingine zilizoundwa na mafundi wa kujitegemea waliotapakaa duniani, ambao wengi wao hawajapata kuonana uso kwa uso. Mpwa wangu ni mmoja wao. Naye, kati ya ndege zote alizoumba binadamu, amezichagua ndege kongwe za Wacheki.

"Kwa nini Wacheki?" nikamwuliza. "Umepata wapi udugu nao?"

Akaangalia miguu yangu. "Mjomba, hizo champali ulizovaa ni za nani?"

Za Bata, bila shaka. Nani Kenya hii hajavaa Bata? Makubadhi yangu huyaweka kwa Ijumaa. Ndipo akanisomesha jambo ambalo mimi, niliyekula chumvi miaka hamsini na zaidi na kuandika magazetini zaidi ya nusu yake, sikulijua. Bata hao ambao kiwanda chao kiko pale Limuru, juu ya ukingo wa bonde nililoteremka siku hiyo hiyo, asili yao ni mji wa Zlín katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia. Mwasisi wao, Tomáš Baťa, alikuwa na mapenzi ya ndege, na ndege ndiyo iliyomwua: tarehe 12 Julai 1932, asubuhi ya ukungu, ndege yake ilianguka punde tu baada ya kuruka. Badala ya kuichukia ndege, kampuni ile mwaka 1934 ikaanzisha kazi ya kuziunda. Mwaka uliofuata wakairusha Zlín XII, kindege cha mbao cha watu wawili, injini yake ya nguvu za farasi 45. Kutoka katika kazi hiyo ya mafundi viatu ndipo hatimaye ilipotoka Zlín Trener, ndege ya kufundishia iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1947, ambayo jamaa zake zilikuja kuwa mabingwa wa kupindukapinduka angani. Mashindano ya kwanza ya dunia ya michezo hiyo yalifanyika Bratislava mwaka 1960, na mshindi, Ladislav Bezák, alikuwa juu ya Zlín.

Akanionyesha na nyingine, Praga, ndege ndogo ya Kicheki iliyoundwa pia Uingereza kwa ruhusa ya wenyewe. Mwingereza mmoja, H. L. Brook, aliipanda mwaka 1936 kutoka kwao mpaka Cape Town kwa muda wa siku 16 hivi, kwa injini isiyozidi nguvu za farasi 40. Pikipiki za siku hizi zina nguvu kuishinda. Nikasema hapo ni tawakali, si urubani.

Sasa nitaeleza jinsi anavyofanya, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kulegea.

Kazi huanza kwa nukta. Huweka nukta moja kwenye kioo, kisha ya pili, akaziunganisha kwa mstari. Nukta tatu au nne zikiungana huwa kipande cha ubao, na vipande maelfu vikishikana huwa bawa. Programu anayotumia yaitwa Blender, nayo ni ya bure. Hutandaza picha za zamani na michoro ya ndege chini ya kazi yake, akafuata mistari. Nilipomwona ameinama vile, nilijiona mimi mwenyewe chuoni, ubao magotini, nikipita kwa kalamu ya unyasi juu ya herufi alizoziandika mwalimu, alifu, be, te, na bakora i karibu. Mwalimu wetu alikuwa akisema mkono hujifunza kabla ya ulimi. Baada ya mwili wa ndege kumalizika, huuvika ngozi: rangi, kutu, misumari, alama za mafuta chini ya injini, na maandishi. Ndege nyingi za Kicheki ziliundwa kwa ajili ya Urusi ya Kisovieti, basi saa za mbele ya rubani zina maandishi ya Kirusi na mwendo hupimwa kwa kilomita. Kijana wangu hajui Kirusi. Amezichora herufi zile moja moja, kama mimi nilivyochora Kiarabu kabla sijajua maana yake.

Lakini mwili si ndege. Hapo ni sanamu tu. Roho yake ni hesabu: uzito, na uzito huo umekaa wapi, ukubwa wa mabawa, nguvu ya injini katika kila kimo, ni mwendo gani hewa hukataa kuibeba. Namba moja ikikosewa, ndege huinuka kama tiara au huanguka kama nazi. Nikamwambia, haya ni mizani. Beti inaweza kuwa na maneno mazuri yote ya Lamu na Mvita, lakini ikipungua silabi moja, mwimbaji hujikwaa papo hapo na wasikilizaji wote hujua, hata wasiojua kuhesabu. Akafurahi. Akasema hakuna aliyewahi kumweleza hivyo.

Na Nakuru ni mahali pazuri pa kuzijaribu hesabu zake, kwa kuwa hewa ya kimo kile ni nyepesi kuliko yetu ya pwani, karibu na sehemu moja katika sita imepungua. Ndege inayoruka bila taabu kutoka Mombasa hulazimika kukimbia zaidi ikiwa Nakuru, hasa mchana jua likiwa kali. Injini nayo hupumua kwa shida. Kumbe si mimi peke yangu!

Hapo nikauliza ile nyeupe niliyoikuta kwenye kioo ni ipi. Akanyamaza kidogo.

"Hiyo ni L-410," akasema. "Ya baba."

Shemeji yangu, Mola amrehemu, alikuwa fundi wa ndege katika kiwanja cha Wilson, Nairobi. Mimi nilijua hivyo tu, kwamba ni fundi. Siku zote alikuwa na mafuta chini ya kucha na alikuwa mpole. Sikupata kumwuliza ndege gani. Ni hii. L-410 iliruka mara ya kwanza mwezi wa Aprili 1969, kutoka kiwanda cha Kunovice, si mbali na Zlín. Ile ya aina ya mwisho-mwisho huchukua abiria 19, uzito wake wa kuruka ni kilo 6,400, mabawa yake ni karibu mita 20 kutoka ncha mpaka ncha, na injini zake mbili kila moja ina nguvu za farasi 750. Zimeundwa zaidi ya elfu moja, nyingi zikaenda kwa Warusi. Dola yao ilipovunjika mwaka 1991, ndege zikauzwa kwa bei ya chini huku na huku, na Afrika ikapata fungu lake. Zilikuja Wilson, zikaenda Sudan ya Kusini, Somalia na mashariki ya Kongo, mahali ambapo kiwanja ni mchanga ulioparurwa na uzio ni mbuzi. Zina sifa ya kustahamili. Zina pia sifa mbaya, nisiifiche: mwaka 2010 moja ilianguka Bandundu, Kongo, wakafa watu 20, akasalia mmoja, na mwaka 2018 nyingine ilitumbukia katika ziwa la Yirol, Sudan Kusini. Lakini shemeji hakuuawa na ndege. Alikufa kwa maradhi, kitandani kwake, na baada ya eda dada yangu akahama Nairobi, akaja Nakuru ambako bei ya nyumba ilimwezekania.

Kijana akatoa daftari chini ya godoro. Daftari la shule, jalada limeoza kwa mafuta. Ndani mna maandishi ya shemeji, Kiswahili na michoro na namba: lini kilibadilishwa nini, wapi palivuja, mlango upi haufungi vizuri mpaka uupige bega. Alizieleza hata zile bamba ndogo za juu ya mabawa ambazo hujiinua zenyewe injini moja ikifa, zikalisukuma chini bawa la upande wenye injini nzima ili ndege isipinduke. Kwa mkono wake amechora bamba hizo zikiwa zimelala, kisha zikiwa zimesimama. Na kuna ndege moja aliyoipa kurasa nyingi kuliko zote. Kila baada ya kurasa chache ameandika neno lile lile: "Yavuta kushoto."

Hiyo ndiyo taabu iliyomkosesha usingizi mpwa wangu. Vitabu vya kiwanda vinasema ndege ya namna hii ikipimwa sawasawa huenda sawasawa. Ya baba yake ilivuta kushoto. Aunde ipi? Akiunda ya vitabu, mafundi wenzake wa ng'ambo watamsifu. Akiunda ya daftari, watamwandikia kwamba amekosea hesabu, na hatakuwa na la kuwajibu ila kwamba baba yangu alisema.

Mimi nimepata kushughulika na nakala za mkono za tenzi. Unakuta mnakili mmoja wa zamani ameandika neno ambalo silo, na kila mtu ajua silo, na pengine limekaa hapo miaka mia. Ukilisahihisha, umeirudisha kazi kwa mtungaji. Ukiliacha, umemhifadhi mnakili, ambaye naye alikuwa mtu aliyekesha kwa taa ya mafuta. Daima nimefuata njia ya kusahihisha. Nikamwambia afuate vitabu. Akaitikia "Ndiyo mjomba" kwa ile adabu ambayo ndani yake hamna ndiyo.

Lilikuwapo na suala jingine, nalo alilileta kama mtu anayeleta masala kwa sheikh, ingawa mimi si sheikh. Dada kasema halali. Neno hilo lina maana mbili, na zote mbili zilinikuta katika chumba kile. Baadhi ya mafundi wa nyongeza huuza kazi zao, wengine huzitoa bure. Wako na wanaochukua mwili wa ndege ulioundwa na mwingine, wakaubandika rangi mpya na kuuita wao. Kijana mwenyewe, mwanzoni, alichukua magurudumu ya mtu bila idhini, kwa sababu hakujua kuyaunda. Je, akiuza ndege, ile pesa ina nini ndani yake? Nikamwambia habari ya shairi langu ambalo kikundi fulani cha taarabu kililiimba harusini usiku kucha na mimi nimeketi pale pale nikila pilau, jina langu halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Sikudai kitu. Lakini pilau ile mpaka leo naikumbuka kwa uchungu. Akayatoa magurudumu ya watu siku ya pili, akaanza yake kwa nukta ya kwanza.

Dada, kwa upande wake, hakuwa na shida na fikihi. Shida yake ni kodi ya nyumba. Kijana amehitimu chuo cha ufundi. Asubuhi hutengeneza simu katika kibanda cha mjini, na angeweza kukaa huko mpaka magharibi lau si hizi ndege. "Zinaleta nini?" aliniuliza tukiwa jikoni. Kwa kweli mpaka wakati huo zilikuwa zimeleta pesa kidogo sana, mara mbili, kutoka kwa watu wa Ulaya waliotaka awaundie sehemu ndogo. Nikawa sina jawabu. Nikamtajia mtepe.

Wazee wetu wa Pate na Ubajunini waliunda mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, tanga lake mkeka. Tangu nusu ya kwanza ya karne iliyopita haukuundwa tena kwa biashara. Leo tunaujua kwa sababu ya watu waliotengeneza vifano vidogo ambavyo wenzao, naamini, waliviona ni mchezo wa watoto. Kwa vifano na michoro ndipo mafundi wakaweza baadaye kuushona mwingine, ukawekwa Beit al-Ajaib, Unguja, na mimi niliupapasa kwa mkono wangu. Kisha tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba lile ikaporomoka. "Basi hata kifano huhitaji kifano," nikamwambia dada. Akasema hayo ni maneno ya mashairi, na mwenye nyumba hasomi mashairi. Nikanyamaza, maana kweli.

Usiku wa mwisho kijana akaniita, tuiruke. Baada ya isha tukaketi mbele ya kioo, mimi nimejifunga shuka juu ya koti. Akaweka ndege mwisho wa kiwanja cha Nakuru. Injini zikaanza kulia, moja kisha ya pili, na kwa vile vyombo vya sauti alivyovipata kwa mtu wa matatu vilikuwa vikubwa kuliko chumba, kitanda kilitetemeka. Tukakimbia, tukakimbia zaidi, kwa ajili ya ile hewa nyepesi, na nikaona mkono wake wa usukani umelalia upande wa kulia muda wote. Ndege ilikuwa ikivuta kushoto. Sikusema kitu.

Tukainuka. Menengai nyuma yetu, Elmenteita chini, Mau upande wa kulia na Nyandarua upande wa kushoto, Naivasha, Longonot na kinywa chake. Njia niliyokuja nayo kwa matatu nikairudia kwa ndege ya marehemu shemeji, nimeketi kitandani. Tukaupanda ukingo wa bonde. Akanionyesha Limuru kwa kidole. Halafu Nairobi, na Wilson, na magurudumu yake mwenyewe, si ya watu, yakagusa chini.

Sikuwa nimesikia mlango. Dada alikuwa amesimama nyuma yetu na mwiko mkononi. Kwa miaka yote ile ya South C, karibu na kiwanja, alikuwa akizisikia ndege zikitua, na alijua ipi ni ipi kama tunavyowajua waadhini kwa sauti.

"Siyo," akasema.

Kijana akageuka. "Siyo nini, mama?"

"Ya babako ilikuwa ikishatua hainyamazi hivyo. Inanguruma mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Halafu ndiyo inatulia. Nikisikia vile ndiyo natia wali motoni."

Kijana alinitazama, akaitazama kompyuta. "Rafadha," akasema polepole. "Zinageuzwa kusukuma nyuma ili ndege isimame. Nimeigeuza hesabu yake, sauti nimesahau."

Dada akausogeza mswala, akaketi kwenye kiti. "Rudia," akasema. "Tangu inapokaribia."